Kibanio cha nguo cha mita 14 katikati ya jiji: sanaa au kejeli?

Wakuu, hoja hii kila ikiibuka huishia kwenye "hata mwanangu angetengeneza." Tujaribu kwenda mbele kidogo.

Mwaka 1976 mchongaji Claes Oldenburg alisimamisha kibanio cha nguo cha chuma huko Philadelphia, Marekani, urefu wake karibu mita 14, ng'ambo tu ya ukumbi wa jiji. Msimamo wangu: afadhali kibanio kuliko kiongozi. Meya wakati huo alikuwa Frank Rizzo. Naye baadaye, 1999, akawekewa sanamu ya shaba karibu na ukumbi huohuo. Juni 2020, katika maandamano yaliyofuata kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, jiji likaing'oa usiku, maana kwa wakazi wengi weusi jina la Rizzo lilikuwa jina la ukatili wa polisi. Kibanio kipo palepale. Hakina chama, hakimdai mtu heshima, na yeyote aliyewahi kuanika nguo anakijua.

JIBU: Mkuu, umeruka swali la nani alichagua. Kile kibanio kimetokana na utaratibu wa kumtaka mjenzi atenge asilimia 1 ya gharama kwa ajili ya sanaa. Mpita njia alikuta tu chuma kimesimama. Tazama kazi nyingine ya Oldenburg, huko Cleveland, Marekani: kampuni ya mafuta iliagiza sanamu ya mhuri mkubwa ajabu, wenye herufi FREE (yaani "huru" au "bure"), usimame mbele ya makao yake. BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, ilipoishika kampuni ile ikaukataa, mhuri ukawekwa stoo miaka kadhaa, mpaka 1991 ulipolazwa ubavu kwenye bustani ya umma. Bosi mmoja anataka, mwingine hataki. Mwananchi yuko wapi hapo?

MLETA MADA: Mwananchi ndiye aliyebaki nao, tena bure! Ila swali lako ni zito. Hata sanamu yake ya gongo la besiboli huko Chicago, ya mwaka 1977, yenye urefu wa takriban mita 30, iliagizwa na serikali kuu, si na wakazi. Sasa semeni: watu wapige kura kabla mchoro haujapitishwa, au waishi na kitu miaka mitano kwanza ndipo waamue kibaki au kiondoke? Mimi nachagua ya pili. Kura ya mapema itatuletea mashujaa juu ya farasi tu, kwa kuwa hao ndio tuliowazoea. Nipingeni.