Dhahabu sita za Klæbo bila Mrusi uwanjani: kamili au nusu?

Kibiriti Ngoma (mwenye mada, Machi 2025)
Wakuu, habari za jioni. Najua wengi wetu humu theluji tunayoijua ni ya kwenye friji, lakini mimi nimefuatilia Mashindano ya Dunia ya skii yaliyoisha juzi Trondheim, Norwei. Kwa ambaye hakuona: kijana wao Johannes Høsflot Klæbo kaingia mbio sita za skii ya nyika, kashinda sita. Sprint, kilomita 10, skiathlon (mitindo miwili ya skii kwenye mbio moja), sprint ya wawili wawili, kupokezana, na Jumamosi ile ya tarehe 8 Machi akamalizia na kilomita 50. Huyu ni mtu wa sprint, mbio za dakika tatu hivi. Ni kama mkimbiaji wa mita 800 abebe na marathoni wiki hiyohiyo.

Sasa hoja yangu. Warusi walifungiwa Machi 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine. Mrusi Bolshunov, aliyebeba dhahabu tatu Olimpiki ya Beijing mwaka huohuo, hakuruhusiwa kuweka mguu Trondheim. Hizi dhahabu sita tuzihesabu kamili? Mimi nasema ni nusu. Shamba likibaki la mtu mmoja, kila muhogo ni wake. Karibuni, matusi hapana.

Dada wa Trondheim
Kaka Kibiriti, mimi naishi hapahapa, nahudumia wazee. Ngoja nikujibu taratibu. Sprint ya Olimpiki 2018 kule Pyeongchang Klæbo alichukua dhahabu, Pellegrino wa Italia fedha, na wa tatu alikuwa nani? Huyohuyo Bolshunov wako. Sprint ya Beijing 2022 Klæbo tena wa kwanza, Pellegrino wa pili, Mrusi Terentyev wa tatu. Na Trondheim juzi Pellegrino wa pili tena! Yaani kwenye sprint Warusi wawepo wasiwepo, matokeo yanafanana. Ukitaka kuweka nusu, iweke kwenye mbio ndefu tu, hapo nitakusikiliza.

Halafu si nyie mliosema humu mwaka juzi kwamba skii ni mchezo wa kutelezea mteremkoni? Huu ni wa kupanda milima kwa miguu yako na fimbo mbili.

Hakimu wa Kijiwe
Hakuna aliyesema hivyo, dada. Tunajua tofauti. Usitufanye washamba kwa sababu unakaa Ulaya.

Ila mimi nauliza kitu kingine kabisa. Skii ni mchezo au ni kipato? Bila theluji, bila viatu, bila gari zima la mafundi wa nta, ile ya kupaka chini ya skii, wanaokaa usiku kucha kuchagua nta ya kesho, bingwa atatoka wapi? Huyo Klæbo angezaliwa Kapsabet leo hii angekuwa anachunga ng'ombe na hakuna ambaye angemjua.

Dada wa Trondheim
Sijamwita mtu mshamba. Soma tena nilichoandika.

Kale wa Nandi
Ngoja kwanza. Kapsabet? Wewe Hakimu umechagua Kapsabet ukiwa na ramani gani mkononi? Kipchoge ni wa Kapsisiywa, hapo hapo Nandi. Mtu aliyekimbia marathoni chini ya saa mbili Vienna 2019, 1:59:40, ndiye jirani wa hao ng'ombe wako. Klæbo akizaliwa Kapsabet angeamshwa saa kumi na moja asubuhi akimbie kama wengine, na pengine angekosa hata nafasi ya timu ya wilaya. Ati angechunga ng'ombe. Wueh.

Hakimu wa Kijiwe
Ndiyo povu hilo sasa. Nimesema ng'ombe, ng'ombe ni mali. Kwani Wakalenjin hawana ng'ombe?

Kale wa Nandi
Tunao. Na medali tunazo. Nyie Tanzania tangu Bayi na Nyambui wachukue fedha Moscow 1980 mnachunga nini?

Kibiriti Ngoma
Jamani mada ni Klæbo.

Mpare Mtulivu
Simbu wetu ana shaba ya marathoni, Mashindano ya Dunia London 2017. Weka heshima.

Kale wa Nandi
Shaba moja, miaka minane mpaka hii Machi 2025. Nimeweka heshima. Imekaa yenyewe hapo kwenye kiti, inatafuta mwenzake.

Mpare Mtulivu
🤣🤣 Haya umeua. Lakini rekodi ya dunia ya mita 1500 ya Bayi, Christchurch 1974, aliongoza kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkenya gani alifanya hivyo kabla yake?

Msomi Nusu
Mnabishana bure wakati jibu lipo. Kenya ilikuwa na mtu wa skii, tena ya hizihizi za kupanda milima. Philip Boit. Alishiriki Olimpiki ya Salt Lake akawa wa mwisho, na bingwa Mnorwei Bjørn Dæhlie akamsubiri mwishoni saa nzima amkumbatie. Sasa Hakimu anasema Mkenya hawezi, Kale anasema anaweza, Boit ndiye mtihani wenyewe.

Kale wa Nandi
Umechanganya. Ilikuwa Nagano, 1998, kilomita 10. Salt Lake alikwenda baadaye, 2002. Na si saa nzima: Dæhlie alimaliza kwa dakika 27 na sekunde kadhaa, Boit dakika 47. Ni dakika 20. Ila ni kweli alimsubiri, na hafla ya medali ikangoja. Boit akampa mwanawe jina Dæhlie. Huyo mzee ni wa kwetu, usimguse bila kunawa mikono.

Msomi Nusu
Nagano, sawa. Dakika 20 kwenye kilomita 10 bado ni nyingi.

Kale wa Nandi
Alianza kugusa theluji 1996! Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mpwa wa yule mkimbiaji Mike Boit. Klæbo ameanza kuteleza kabla hajajua kusoma. Toa miaka hiyo ndipo ulinganishe dakika. Na Turin 2006 Boit hakuwa wa mwisho tena, aliacha watu nyuma. Hiyo hakuna anayeisimulia, wanasimulia kukumbatiwa tu.

Bi Mkubwa wa Mvita
Na mimi hilo la kukumbatiwa ndilo linaloniudhi siku zote. Kampuni ya Nike iliwachukua vijana wawili wa Kenya ikawapeleka Ufini ione kama mkimbiaji anaweza kugeuzwa mtu wa theluji. Majaribio. Kisha bingwa mzungu anamkumbatia Mwafrika wa mwisho, kamera zote zinalia machozi. Mwanangu, mbona hawakumkumbatia mtu wa 91, aliyemtangulia?

Kale wa Nandi
Mama, heshima yako, lakini Boit mwenyewe alifurahi hadi akampa mtoto jina. Tumsikilize yeye au tumkasirikie kwa niaba yake?

Bi Mkubwa wa Mvita
Mtu anaweza kufurahi na bado akawa ametumiwa. Haya mawili hukaa nyumba moja.

Dada wa Trondheim
Shikamoo Bi Mkubwa. Huku kwetu nimewauliza wazee ninaowahudumia, Boit wanamkumbuka kuliko wanavyokumbuka nani alikuwa wa pili siku ile. Hawamkumbuki kwa kumcheka. Yupo mzee mmoja, miaka 91, Jumamosi ya kilomita 50 alikataa kuoga, alikataa dawa, mpaka Klæbo avuke mstari. Nikakaa naye. Kilomita za mwisho akanishika mkono akawa ananibana kila Klæbo akigeuza shingo kuangalia nyuma. Alipovuka, mzee akasema "sasa leta sabuni." Watu hawa mchezo huu ni kama sisi na Simba na Yanga.

Mpare Mtulivu
Yanga.

Hakimu wa Kijiwe
Tusitoke nje. Dada, nimeuliza gharama na hujajibu. Unanipa hadithi ya sabuni.

Dada wa Trondheim
Kocha wa Klæbo ni babu yake mzaa mama, Kåre Høsflot. Babu anayemfundisha mjukuu. Hiyo gharama yake ni shilingi ngapi?

Hakimu wa Kijiwe
Babu mwenye uwanja wa theluji nje ya mlango! Babu yangu alikuwa na mkokoteni.

Fundi Cherehani
Mimi nimekuja kwa kuchelewa, naomba kuuliza kuhusu ushonaji. Jumamosi hiyohiyo, Trondheim hiyohiyo, Wanorwei wa kuruka kwa skii walikamatwa wametia uzi mgumu ndani ya suti ili iwabebe vizuri hewani, kwenye suti zilizokwisha kaguliwa na kuwekewa chipu. Video ilirekodiwa kwa siri watu wakiwa kwenye cherehani. Mmoja wao, Lindvik, akanyang'anywa medali ya fedha. Kama fundi nasema: walishona vibaya, uzi mzuri hauonekani.

Kibiriti Ngoma
Asante fundi! Hao ndio Wanorwei. Hapo Mrusi ndiye anayefungiwa.

Dada wa Trondheim
Mrusi hajafungiwa kwa suti, kaka. Na hao ni warukaji, Klæbo hana uhusiano nao. Huku watu wameona aibu kweli, kazini siku ya Jumapili hakuna aliyetaka kuzungumza habari za skii, na hiyo ni ajabu.

Msomi Nusu
Tusisahau dawa za pumu. Sundby, Mnorwei wa skii ya nyika, alinyang'anywa ubingwa wa mashindano ya Tour de Ski ya 2015 kwa sababu ya kipulizio. Mwenzake Johaug akafungiwa miezi 18 kwa dawa ya midomo. Taifa zima lina pumu na midomo mikavu.

Mpare Mtulivu
Na Wakenya waliofungiwa riadha kwa dawa je? Orodha ile ukiisoma utamaliza kikombe cha chai.

Kale wa Nandi
Nilijua tutafika hapo. Kila mjadala na Mtanzania unaishia kwenye orodha hiyo. Ndiyo, wapo, na ni aibu yetu. Lakini wewe hata wa kufungiwa sijawahi kumsikia.

Mpare Mtulivu
Buda, hiyo ndiyo sifa ya mwaka. 😂

Kibiriti Ngoma
Naomba nirudi kwenye swali langu kwa nguvu. Mashindano ya Dunia Oberstdorf 2021, kilomita 50. Klæbo na Bolshunov bega kwa bega kwenye mita za mwisho. Klæbo akamziba njia, fimbo ya Mrusi ikavunjika, Klæbo akavuka wa kwanza. Waamuzi wakamtoa, dhahabu akapewa Mnorwei mwenzake Iversen. Yaani safari pekee ambayo walibanana kweli kwenye mbio ndefu kama ile, Klæbo alitolewa. Juzi ameshinda kilomita 50 hiyohiyo bila mtu wa kumbana. Hamuoni?

Dada wa Trondheim
Sasa hiyo ndiyo hoja ungeanza nayo. Na mimi nakukubalia nusu. Skiathlon ya Beijing, Bolshunov alichukua dhahabu na Klæbo hata kwenye picha hakuwepo. Lakini Klæbo wa 2022 na wa 2025 si mtu mmoja. Mashindano ya Dunia Planica 2023 alikuwa wa pili kwenye skiathlon na wa pili kwenye kilomita 50, nyuma ya Wanorwei wenzake. Amejenga mbio ndefu mwaka hadi mwaka. Na huyo Bolshunov si malaika, Januari ya 2021 hiyohiyo kule Lahti alimvamia Mfini baada ya mstari wa mwisho kama beki aliyepigwa kanzu.

Na ngoja nikueleze kitu ambacho mpinzani hapunguzi wala haongezi. Mtazame kwenye mlima, mbio za mtindo wa zamani. Wenzake wanapanda wametanua skii kama miguu ya bata, hatua nzito. Yeye anakimbia. Anakimbia kwa vidole, mtu aliyefungwa mbao karibu za mita mbili miguuni, kama kijana anayepanda ngazi za Kariakoo amevaa kandambili za baba yake na hakuna inayodondoka. Watoto wote huku sasa wanaiga. Wanaanguka, lakini wanaiga.

Kibiriti Ngoma
Sawa, mtindo nampa. Dhahabu ya kilomita 50 bado nusu. Zilizobaki kamili. Jumla naandika tano na nusu.

Hakimu wa Kijiwe
Mahakama gani hii inayotoa nusu dhahabu? Na bado hamjanijibu gharama.

Bi Mkubwa wa Mvita
Mimi nataka kujua serikali ya Kenya inafanya nini kwa wanaotaka kwenda. Yule binti wa Kilifi, Sabrina Simader, alikwenda Pyeongchang 2018, ile skii ya kuteremka, na amelelewa Austria. Kwa hiyo mtoto wa pwani hadi alelewe Ulaya ndiyo abebe bendera yetu?

Kale wa Nandi
Mama, hilo ndilo swali. Wanamichezo wa viwanja vya joto wenyewe wanalipwa posho kwa kuchelewa, theluji itapata nini.

Mpare Mtulivu
Kwa hiyo tumekubaliana tuwapeleke au tusiwapeleke?

Hakimu wa Kijiwe
Tumekubaliana na nani? Mimi niko kwenye gharama.

Kale wa Nandi
Kuna skii za magurudumu, wanafanyia mazoezi kwenye lami kiangazi. Iten, kule wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wetu, lami ipo, mwinuko upo, mapafu yapo. Dada, jozi moja ya mtumba huko inaendaje?

Dada wa Trondheim
Kwenye duka la mitumba karibu na kwangu huwa naziona zimesimamishwa pembeni ya makochi, magurudumu yamelika upande. Ijumaa nikitoka zamu nitapita niulize bei. Namba ya kiatu?

Kale wa Nandi
42. Ya Hakimu sijui, muulize mwenyewe.

Hakimu wa Kijiwe
44. Lakini nauliza tu.