Brekibiti juu ya ambienti, mbona zinasikika kama ngoma mbili tofauti?

usiku_mnene
Wakuu habari zenu. Wiki ya tatu sasa nahangaika na kitu kimoja mpaka kichwa kimechoka. Nimetengeneza ambienti, ule muziki mtulivu wa kuelea, ya dakika sita, mvua niliyorekodi dirishani kwa simu nikaichanganya na sinti (kinanda cha umeme) inayojivuta taratibu, yani peke yake ni tamu kabisa. Balaa linaanza nikiweka brekibiti, yani ngoma za kasi zilizokatwa kwenye rekodi ya zamani. Natumia Amen, kile kipande cha ngoma ambacho kila mtu anakitumia, nimeikatakata nikaipanga upya kwenye BPM 170 (mapigo 170 kwa dakika), na hapo hapo inakuwa kama jirani kafungulia redio yake juu ya yangu. Nikishusha ngoma zinapotea, nikipandisha mvua inakufa, nikamwaga mwangwi kwenye ngoma zote ndo ikawa tope kabisaaa. Nakosea wapi? Na msiniambie ninunue programu nyingine, hii tu niliyonayo sijaijua hata robo.

mzee_wa_lupu
Pole mkuu, hapo wote tumepita. Anza na huko chini. Mvua ya simu ina muungurumo ambao kwenye hedifoni ndogo huusikii ila upo, na sinti nayo imekalia palepale kiki, ile ngoma nzito ya chini, inapotaka kupiga. Weka filta, kata kila kitu chini ya Hz 200 hivi kwenye mvua na kwenye sinti. Ukizisikiliza peke yake utaona zimekonda, usiogope, hakuna atakayezisikiliza peke yake.

Mwangwi sasa. Usiupeleke kwa ngoma zote, mpe snea tu, ile ngoma yenye mlio wa kupasuka, na huo mwangwi wenyewe uukate besi. Kwa 170 pigo moja ni kama milisekunde 353, kwa hiyo ukiweka mkia wa sekunde nne kila snea inaburuta uchafu wake juu ya mapigo kumi na moja yanayofuata, lazima iwe tope.

kata_kanda
Mzee kasema kweli ila anashusha homa tu, ugonjwa ameuacha. Ngoma zako na mvua yako hazijawahi kukaa chumba kimoja, sikio linajua hata kama wewe hujui. Amen ilipigwa 1969, Gregory Coleman wa The Winstons, sekunde sita saba tu katikati ya "Amen, Brother", na ile rekodi ina hewa ya chumba chake, ndo utamu wenyewe. Sasa wewe umeikimbiza kutoka kama 137 hadi 170 na nina uhakika umeacha programu ilinde toni isipande. Zima hiyo kitu. Iache ipande kama kanda iliyoongezwa spidi, itapanda karibu semitoni nne, snea inakuwa nyembamba na kali, na hiyo ndo sauti ya jungle, muziki wa brekibiti za kasi wa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Na vifaa vya enzi zile vilikuwa vinabana, SP-1200 ya 1987, mashine waliyoipenda watu wa hip hop Marekani, ilibeba sekunde kumi tu za sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa), kwa hiyo watu walikuwa wanapiga sahani ya santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa spidi ya 45 ili iingie, halafu wanaishusha ndani ya mashine, na ile mikwaruzo iliyobaki ndo leo tunaitafuta kwa bei.

Dawa ni hii, toa ambienti ndani ya ngoma. Baa ya nne ya Amen, yani fungu la nne la mapigo manne, kuna toazi linapigwa, kata nusu sekunde pale, livute mara hamsini. Unapata sekunde 25 za ukungu. Shusha oktavu moja, liweke chini chini nyuma ya sinti, halafu punguza mvua. Ngoma zikiingia zitakuta ndugu zao wameshafika.

mpiga_meza
Mi nauliza tu, kwani lazima Amen? Coleman alifariki 2006 na sampo hiyo imetumika maelfu ya mara bila kumlipa, mpaka 2015 ndo mashabiki wakachanga wakampa kiongozi wa bendi, Richard Spencer, kama pauni 24,000. Gonga meza, tikisa funguo, funga droo kwa nguvu, rekodi kwa simu ileile ukiwa palepale dirishani ulipokuwa unarekodi mvua. Chumba kimoja umepata bure. Pierre Schaeffer 1948 alitengeneza muziki kwa sauti za treni, wewe droo inakushinda?

usiku_mnene
Aisee. Nimerudi na macho mekundu, sijalala. Toazi limefanya kazi wakuu, mara ya kwanza kulivuta lilitoa mlio kama wa roboti anayekoroma, nikahamisha kipande mbele kidogo ili kisianze na lile pigo lenyewe, hapo ndo likalainika. Mvua nimeiacha kwenye dakika ya kwanza tu. Na droo nimeirekodi, mpiga meza usicheke, imekaa chini ya snea na sitaitoa.

Ila sasa nimepata shida mpya, dakika ya tatu mimi mwenyewe nachoka, ukungu unajirudia na najua kabisa unarudia wapi.

mzee_wa_lupu
Lupu zako zote, hivyo vipande vinavyojirudia, zina urefu unaolingana, si ndio? Au moja ni mara mbili ya nyingine. Brian Eno kwenye albamu yake ya viwanja vya ndege ya 1978 aliziachia lupu za kanda za urefu tofauti zizunguke kila moja kivyake. Kata ukungu uwe sekunde 17, sinti iwe sekunde 23, usizilazimishe zifuate BPM ya ngoma. Zitaanza pamoja tena baada ya sekunde 391, na wimbo wako ni dakika sita, utakuwa umeisha nusu dakika kabla. Na ngoma zitoe kabisa kuanzia 2:50 hadi 3:20, acha droo peke yake.

usiku_mnene
Droo peke yake 😂 haya ngoja nijaribu