Naombeni ushauri: niiambieje akili mnemba ipange chakula cha watu 6 kwa 84,000 kwa wiki?

Mama Watatu (Mbagala)

Habari zenu wanajamvi. Naombeni mnisaidie kwa hili, limenisumbua wiki mbili sasa.

Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 9, 6 na 2) na mama mkwe ambaye ana kisukari, anatumia vidonge. Hela ya chakula ni 12,000 kwa siku, yaani 84,000 kwa wiki. Gesi na mkaa vina hela yake pembeni. Natoka kazini saa 11 jioni, nikifika soko la Rangi Tatu giza limeshaingia, basi nanunua kinachonijia mbele. Ikifika Alhamisi hela imekata na ndani kumebaki unga. Hela yenyewe si kwamba haitoshi kabisa. Inaishia kwenye vidogo vidogo: nyanya za 500 leo, za 500 tena kesho, mafuta ya kupima kila siku.

Mdogo wangu akanishauri nijaribu hizi programu za akili mnemba kwenye simu. Nikaandika: "Nipangie chakula cha familia cha bei nafuu kwa wiki." Ikaniletea uji wa oti na maziwa asubuhi, samaki wa kopo mchana, brokoli usiku. Nikaongeza kwamba niko Dar es Salaam. Hapo ikaleta ugali na nyama siku nne, na nyama ikaiwekea 4,500 kwa kilo. Mimi nanunua 11,000. Nikasema nataka mboga ya jioni kila siku, ikanipa majani siku zote saba: mchicha, kabichi, spinachi, mchicha tena. Nilimaanisha kitoweo! Mwisho ikaandika jumla 79,000. Nikakaa chini na kikokotoo cha simu, mstari kwa mstari, nikapata 96,500.

Kilichonitia hofu ni kwa mama. Ilipendekeza awe anaruka chai ya asubuhi ili sukari ishuke.

Je, kosa ni namna ninavyoandika? Kama kuna aliyefanikiwa, naomba aniwekee maneno yenyewe anayoyaandika.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, kabla ya mengine yote: mama asiruke chai. Kuna vidonge vya kisukari ambavyo mgonjwa akivimeza kisha akakaa na njaa, sukari inashuka ghafla. Anatoka jasho, anatetemeka, anaongea asivyoeleweka, na anaweza kuzimia. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo wodini, na ndugu zao walikuwa na nia njema kabisa.

Mlo wa mama uulize kliniki anakohudhuria. Wakishakwambia, hayo maelezo ndiyo unayaandika kwenye simu kama sharti, na programu ipange humo ndani. Kwa kawaida tunafundisha sahani: nusu mboga za majani na nyinginezo, robo wanga, robo maharage au samaki au nyama. Si lazima umpikie chungu chake. Chakula ni kile kile, vipimo ndivyo vinabadilika.

Lingine. Ukiona imeandika kisamvu kipikwe dakika 10 kama mchicha, usifuate. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, lazima yatwangwe na kuchemshwa vizuri. Na kwa huyo wa miaka 2, ikikupa uji wa lishe wenye mahindi na karanga, chambua punje kwa mkono, zilizokunjamana au zenye ukungu tupa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi. Kupika hakuiondoi.

Fundi Mahesabu

Dada, hujakosea sana, ila umeiuliza swali ambalo haina namna ya kulijibu. Haijawahi kufika Rangi Tatu. Bei unazoziona inazibuni kutokana na maandishi iliyofundishwa, na mengi ya hayo hayakuandikwa Mbagala wala si ya mwaka huu. Bei lazima zitoke kwako. Mimi Jumamosi napita sokoni na daftari, naandika bei za vitu 15, nikirudi nyumbani ndipo nafungua simu.

Nimekuandikia kwa bei za kukadiria, weka zako:

"Panga chakula cha familia ya watu 6 Dar es Salaam, Jumamosi hadi Ijumaa: watu wazima watatu, watoto wa miaka 9, 6 na 2. Bajeti ni shilingi 84,000 na isizidi. Tumia bei hizi tu: mchele 2,800 kwa kilo, dona 1,500 kwa kilo, maharage 3,200 kwa kilo, dagaa wakavu 5,000 kwa nusu kilo, mafuta ya alizeti 6,000 kwa lita, sukari 3,000 kwa kilo, nyama 11,000 kwa kilo, yai 350, mchicha au matembele 500 kwa fungu. Ukitaka kuongeza kitu kisichokuwepo hapa, niulize kwanza. Kitoweo ni chochote cha kulia wali au ugali: maharage, dagaa, samaki, nyama, mayai. Majani yanaambatana nacho, hayachukui nafasi yake. Chai ni mlo kamili wa asubuhi, si kinywaji peke yake. Jumatatu hadi Ijumaa chakula cha jioni kiive ndani ya dakika 45. Maharage yalowekwe usiku, yachemshwe mara mbili tu kwa wiki. Mtu mzima mmoja ana kisukari: haruki mlo, na wanga wake ni robo ya sahani. Kabla hujapanga, niulize maswali matano unayohitaji kujua."

Sentensi ya mwisho usiiache. Mimi ilipoanza kuniuliza nina jiko la aina gani, nina friji au sina, watoto wanakula mchana shuleni au nyumbani, mpango ulibadilika kabisa.

Kuhusu jumla: hizi programu kazi yake ni kupanga maneno yanayofuatana, kwa hiyo namba inaweza kukaa vizuri machoni na bado ikawa si kweli. Iambie iandike kila kitu kwa mstari wake, hivi: mchele kilo 5 × 2,800 = 14,000. Halafu jumlisha mwenyewe. Hata siku ambayo imepatia, jumlisha.

Na kuna njia ya pili ambayo mimi naipenda zaidi. Nunua kwanza vitu vikubwa, kisha iambie: "Ndani nina hivi na hivi, kiasi hiki, nigawie kwa siku saba bila kuongeza." Hapo inafanya kazi nzuri kweli, maana kazi yake imekuwa kugawa, haikisii tena soko.

Muuza Nafaka (Tandale)

Dada yangu, sikiliza na upande wetu. Programu haijui kisado. Mteja wangu mmoja alikuja na orodha imeandikwa kisado kimoja cha maharage ni kilo 1. Nikampimia mbele yake, kilo 3 na kitu. Angenunua visado vitano akidhani ni kilo 5! Wewe ukinunua kwa kisado, kipime mara moja dukani kwenye mizani, andika uzito kwenye daftari, ndio uiambie simu.

Nafaka nunua za mwezi ukipata mshahara, siyo za wiki. Hata mafuta, lita 5 kwa pamoja ni nafuu kuliko ya kupima. Kwenye simu andika mchele na maharage "vipo ndani", halafu iache igawe hela iliyobaki tu.

Na bei haikai. Masika nyanya zinapanda, maana barabara zinaharibika na nyanya zenyewe zinaoza shambani. Dagaa wabichi wa soko la samaki la Feri nao waangalie na mwezi: wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawavuliki, siku hizo wanakuwa adimu. Hayo simu haikwambii, mwulize muuzaji.

Mwana Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu shida ni ile ile na gorogoro, kopo letu la kupimia nafaka. Niliongeza kitu kimoja kikanifaa: niliiambia mapishi yangu ni ya nazi, nazi moja kwa chungu, tui la kwanza na la pili. Kabla ya hapo ilikuwa yaniandikia "tui la kopo" kila uchao, na kopo moja lanunua nazi kadhaa. Iambie na wewe, mwenzangu, upikavyo.

Kimya Kingi

Usiandike jina la mama mkwe wala kupiga picha kadi yake ya kliniki ukaiweka humo. "Mtu mzima mwenye kisukari" inatosha.

Mama Watatu (Mbagala)

Shikamoo Nesi, na asanteni nyote. Nimerudi kuwapa mrejesho kama nilivyoahidi moyoni.

Jumamosi nilikwenda sokoni asubuhi na daftari la mtoto wa darasa la tatu. Niliandika bei 14. Muuzaji wa vitunguu alinicheka kidogo akidhani mimi ni mtu wa halmashauri, nilipomweleza akanitajia na bei ya kununua kwa pamoja. Nyumbani nikaandika maneno ya Fundi, nikabadilisha bei mbili tatu. Ikaniuliza maswali. La tatu ndilo lililonigusa: "Ni siku gani hela huwa inaisha, na siku hiyo mnakula nini?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Mara ya kwanza ilileta nyama kilo nzima, jumla ikawa 86,400. Ilikuwa imeandika 83,900, nikaona kwenye kujumlisha. Nikaiambia ipunguze nyama iwe nusu kilo, ipikwe mchuzi wa Jumapili na viazi nilivyokuwa navyo ndani. Hivi ndivyo nilivyonunua mwisho: mchele kilo 5 kwa 14,000, dona kilo 6 kwa 9,000, maharage kilo 2 kwa 6,400, dagaa nusu kilo 5,000, mafuta lita moja na nusu 9,000, sukari 3,000, nyama nusu kilo 5,500, mayai 10 kwa 3,500, mboga za majani 1,500 kwa siku ambayo ni 10,500, nyanya, vitunguu na nazi 10,000, matunda 5,000. Imekuja 80,900. Zilibaki 3,100.

Maharage nililoweka Jumamosi usiku, nikachemsha Jumapili, nusu nikaweka friji. Jumatatu nilifika nyumbani saa 1 na nusu, saa 2 na dakika 10 watu walikuwa wanakula. Sikupita sokoni.

Mama nilimpeleka kliniki Jumanne, nikauliza kama Nesi alivyosema. Wakamwandikia anywe chai yake saa 1 asubuhi na kipande cha muhogo wa kuchemsha na yai, asikae bila kula mpaka saa 5. Nimeiandika kwenye maelekezo neno kwa neno. Kwenye mpango mpya ile habari ya kuruka mlo haipo tena.

Kilichoharibika ni Jumatano. Ilipanga matembele na dagaa, na wa miaka 6 dagaa hali kabisa, nikamkaangia yai ambalo lilikuwa la Ijumaa. Sikuwa nimeliandika hilo. Fundi, nikitaka kurekebisha naanza upya au naendelea pale pale?

Fundi Mahesabu

Endelea pale pale. Andika: "Mtoto wa miaka 6 hali dagaa, siku ya dagaa mpe maharage yaliyobaki." Ila maelekezo yote marefu yatunze pembeni, kwenye noti za simu, kila kitu kipya unachogundua kiingize humo. Mazungumzo yakiwa marefu sana inaanza kusahau masharti ya mwanzo, na hapo unafungua mapya na kubandika yale uliyotunza. Ya kwangu nimeyarekebisha mara nyingi tangu nianze.

Mama Watatu (Mbagala)

Nimeyatunza. Ijumaa hii dona imebaki zaidi ya kilo moja, kwa hiyo wiki ijayo naandika kilo 5, na ile 1,500 naihamishia kwenye mayai.