Kukata muunganisho wa pochi na tovuti kunafuta ruhusa za tokeni?

Swali
Wakuu, nina USDT na USDC (tokeni zinazofuata thamani ya dola) kwenye pochi ya MetaMask, mtandao wa Ethereum. Nikimaliza kubadilisha tokeni hukata muunganisho na tovuti. Inatosha?

Jibu 1
Haitoshi, mkuu. Hapo umeizuia tovuti kuona anwani yako, basi. Ruhusa yenyewe, yaani idhini uliyoupa mkataba (programu ya kwenye blokucheni) kuchota tokeni zako, imeandikwa ndani ya mkataba wa tokeni, na inabaki hata ukiifuta MetaMask kwenye simu. Programu nyingi huomba kiasi kisicho na kikomo ili usilipe ada ya ruhusa kila mara, kwa hiyo mkataba uliouruhusu unaweza kuchota hata USDT utakazoingiza mwakani bila kukuuliza.

Fungua revoke.cash, tovuti ya kuona na kufuta ruhusa, andika jina hilo mwenyewe maana tovuti bandia ni nyingi, kisha bandika anwani yako. Kutazama tu hakuhitaji kuunganisha pochi. Anza na ruhusa zisizo na kikomo kwenye tokeni zenye salio. Kila ufutaji ni muamala, kwa hiyo bakiza ETH (sarafu ya Ethereum) kidogo ya ada. Ukifuta ya USDT, ya USDC bado ipo. Ukifuta ya Ethereum, ya mtandao mwingine kama Polygon bado ipo.

Jibu 2
Naongezea: MetaMask ikikuonyesha kikomo cha matumizi, kihariri. Unabadilisha USDC 500? Andika 500. USDT ya Ethereum ina ukaidi wake: kama kuna kikomo kilichobaki, huwezi kuweka kingine juu yake, lazima kwanza urudishe 0. Usipofanya hivyo muamala unafeli na ada inaweza kuliwa.

Msiichukulie kwa wepesi. Desemba 2021 wezi walipachika msimbo hasidi kwenye tovuti ya BadgerDAO, mradi wa fedha za kidijitali, watumiaji wakasaini ruhusa wakidhani ni za kawaida, zikaondoka takriban dola milioni 120. Pochi ya kifaa (hardware wallet) haiokoi hapo, kwa sababu saini umeitoa mwenyewe.

Muulizaji
Na ile saini isiyolipiwa ada, nayo ni ruhusa?

Jibu 3
Inaweza kuwa, na ndiyo ya kuogopa zaidi. USDC inakubali ruhusa kwa saini tupu, na haionekani kwenye orodha mpaka itumike. USDT haina, ila ukishairuhusu Permit2, mkataba wa ruhusa wa soko la tokeni la Uniswap, saini moja inatosha kuichota USDT yako. Soma anayeruhusiwa ni nani, kiasi gani, mpaka lini. Usipoelewa, kataa.

Maneno 12 ya siri yakivuja, usipoteze ada kufuta ruhusa. Hamishia kila kitu kwenye pochi mpya yenye maneno mapya.