Naomba ushauri: zawadi ndogo za vijana kabla ya safari ya Ujerumani

Habari zenu ndugu zangu. Desemba hii, Mungu akipenda, tunatoka Dar kwenda Hamburg kumtembelea mdogo wangu. Nina binti wa miaka 16 na mvulana wa 14, na wote ni mara yao ya kwanza kupanda ndege. Nataka usiku wa kuamkia safari nimpe kila mmoja kifurushi chake. Bajeti ni shilingi 60,000 kwa kila mtoto.

Glavu na kofia za sufu nitatafuta mitumba ya Karume. Adapta lazima, maana plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za kule zenye matundu mawili ya duara. Pawabenki pia naiwazia, ila itabidi wakae nayo kwenye begi la mkononi.

Lakini hivyo vyote ni vya matumizi tu, na mimi nataka wafurahi. Binti anapenda kuchora, kwa hiyo daftari la kuchorea lenye jalada gumu na penseli nzuri vitamtosha. Bandari ya Hamburg ataichora mpaka achoke. Huyu wa kiume ndiye ananiumiza kichwa. Mkimya, muda wote yuko na simu, ila treni anazipenda tangu mdogo. Hamburg kuna Miniatur Wunderland, yale maonyesho makubwa ya reli ndogo. Je, nimwekee tiketi kwenye kifurushi, au nimwache ashtukizwe hukohuko?

Na kuwapa yuro 10 kila mmoja wajinunulie watakacho, mnaonaje? Wenye watoto wa rika hili, nisaidieni tafadhali.