Nimefanywa supavaiza juu ya watu walionifunza kazi, nisaidieni

binti_mkomani
Asalaam alaykum jamaa. Nafanya kazi Shela, Lamu, nyumba ya wageni ya vyumba 9, tuko watu 11 pamoja na jikoni, bustani, askari na nahodha wa boti. Nilianza hapo nikifua mashuka, mwaka wa sita huu, na mwezi wa pili bosi akanipa usupavaiza. Kazi naijua, walonishinda ni watu. Kila kitu wangoja niseme mimi, sabuni imeisha wangoja, mgeni ataka chai alfajiri wangoja, mpaka nimeona heri nifanye mwenyewe, na usiku narudi Mkomani hoi kama punda wa mawe.

Jumamosi ndo imenifika shingoni. Wageni wameshuka uwanja wa ndege wa Manda, watu watano na mtoto mchanga, boti hakuna. Simu yangu ilizima chaji, nahodha yuko gatini, boti ina mafuta, angoja ruhusa yangu kwa sababu mwezi uliopita alienda bila kuniuliza nikamgombeza. Wamekaa juani karibu saa nzima. Nimefika nimemfokea ami, huyo nahodha, mbele ya watu wote, mtu wa miaka 58, na yeye ndiye aliyekwenda kwa bosi kuniombea hii kazi. Tangu siku hiyo hanitazami. Sasa bosi ataka nimwandikie barua ya onyo kabla ya Ijumaa. Nifanyeje?

kaka_wa_malindi
Pole dada. Mimi nimeshughulikia mambo ya wafanyakazi hoteli za huku Malindi miaka mingi, barua usiandike kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema kabla hujamfuta mtu kwa makosa lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama, na usikize majibu yake. Kifungu hicho ni cha kufuta kazi, lakini mimi huufuata utaratibu huo hata kwa onyo, manake mara nyingi ukimsikiza mtu wakuta kosa liko kwingine. Hapa kwa mfano ami amefanya nini? Amefuata amri yako ya mwisho. Ukimpa barua, wale wengine watazidi kungoja.

mzee_wa_matondoni
Mwanangu, chomboni kijana huanza kufua maji ngamani, chini ya chombo, halafu apewa demani, kamba ya tanga, ashike, usukani ndo wa mwisho. Na usukani wampa siku ya upepo mwanana, maji yamejaa, humpi kwenye mlango mwembamba wa Mkanda wakati wa maji kupwa ambapo hata wewe mwenyewe wasaka njia. Lakini ukishampa, tia mikono mapajani. Tanga likipigapiga kidogo mwache alirudishe mwenyewe, kwa sababu ukimpokonya mara mbili hatashika tena kwa moyo, atakuwa akushikia tu mpaka ufike. Huyo ami ulimpokonya. Nenda kwake baada ya isha umtake radhi, kisha uyarudie mbele ya wenzake maana ulimvunjia mbele yao. Si kwa wosap.

jiko_la_pwani
Nakubaliana na mzee ila kwa hilo la mbele ya watu uwe mwangalifu, mimi nilifanya hivyo jikoni wakanipanda kichwani miezi mitatu. Kwangu kilichokosekana ni mipaka. Kaeni muandike ukutani nani aamua nini bila kuuliza. Nahodha: mgeni yuko kwenye rosta na ndege imetua, aondoka, haulizi mtu. Wa vyumba: kitu cha chini ya shilingi 1,000 anunua, aleta risiti. Bei ya chumba, hiyo ije kwako. Na mtu akiamua vibaya ndani ya mpaka wake usimgombeze, muulize tu aliona nini mpaka akaamua hivyo. Hapa ndo pagumu, mimi mpaka leo naumwa ulimi kwa kuuzuia.

mama_vyumba
Mi naongeza moja. Mwezi wa tano na wa sita upepo wa kusi umechacha na mvua juu, gesti nyingi hapo Shela zafunga au zabaki na wageni wawili watatu, huo ndo wakati wa kufunzana. Mtie kijana mmoja chini ya kila mkubwa, anayejua afunze, mkubwa akipewa wa kumfunza haoni tena kama umemkalia juu. Na waliojifunza kwa mikono waulizie mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, wa gredi ya 3 mpaka ya 1. Mwajiri hulipa shilingi 50 ya mafunzo kila mwezi kwa kila mfanyakazi, basi muulize bosi, na maombi ya kurudishiwa gharama yaende kabla ya mafunzo si baada.

binti_mkomani
Allah awajaze kheri. Jana baada ya isha nimekwenda kwake na mahamri. Amesikiza kimya, mkewe ndiye aliyelia. Kisha akaniambia siku ile alikuwa aiona ndege ikishuka na alitia mkono kwenye mashini mara mbili akaurudisha. Sikuwa na la kusema.

Orodha tumeianza pale pale kibarazani kwake, ya boti ameitaja yeye, na ataka yule askari kijana amfunze mashini. Radhi ya mbele ya wenzake ni kesho asubuhi kabla ya chai, jiko_la_pwani nimekusikia lakini hii naona namdai mimi mwenyewe. Bosi nimemwambia barua siandiki na sababu nikampa, amesema tutaonana Ijumaa.