Pedi za breki za mbio ziwe sharti kwa gari la barabarani linaloingia uwanjani?

Mleta mada
Wadau, nazungumzia zile siku ambazo uwanja wa mbio unafunguliwa kwa mtu yeyote mwenye gari lake la kila siku. Kuna waandaaji wanaopokea gari lolote mradi breki zinashika, na kuna wanaotaka pedi za mbio kwanza, yaani vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu, vilivyotengenezwa kwa joto la uwanjani. Msimamo wangu: ziwe sharti, hata kwa anayeanza. Gari la kilo 1,400 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa, breki zinameza nishati ya takriban kilojuli 195. Gari hilohilo likipunguzwa kutoka 180 hadi 80 kabla ya kona, breki zinameza kilojuli 1,400, zaidi ya mara saba, na kona inayofuata haisubiri diski zipoe. Pedi ya mjini haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Fundi Diski
Mkuu, hesabu haina kasoro, ila sharti umelielekeza pasipo. Gari likija uwanjani jinsi lilivyotoka nyumbani, mara nyingi kinachokufa kwanza ni mafuta ya breki. DOT 4, daraja la mafuta ya breki lililozoeleka, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishavuta unyevu kiwango hicho kinashuka hadi 155. Chukua gari ambalo mafuta hayajaguswa miaka mitatu, lifunge pedi za mbio zenye chuma kingi: chuma kinapitisha joto upesi kwenda kwenye pistoni inayosukuma pedi, na nyuma ya pistoni ndipo yalipo mafuta yaleyale yaliyochoka.

Dereva lazima azijue dalili kwa mguu wake. Pedeli ikiwa ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halipungui, pedi zimezidiwa: gundi inayoshikilia unga wake imeanza kutoa gesi. Pedeli ikiwa laini na inazama kuelekea sakafuni, mafuta yamechemka, kwenye mabomba kuna mvuke, na mvuke unabanika. Ya kwanza huja taratibu, ukipoza kwa mzunguko mmoja breki hurudi. Ya pili inaweza kukukuta mwisho wa mnyoofu bila onyo lolote. Hiyo ndiyo inayonitia hofu.

Sharti langu lingekuwa hili: mafuta mapya ya daraja la mbio, yale yanayochemka juu ya nyuzi 300 yakiwa mapya, upepo utolewe kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne, na pedi ibaki angalau nusu ya unene wake. Pedi mpya nyingi zina milimita 10 hadi 12. Milimita 3 zinatosha kwendea kazini. Uwanjani pedi nyembamba hivyo haikingi pistoni na joto.

Mleta mada
Mafuta nakubali. Lakini pedi ya kawaida ikivuka nyuzi 350 hivi inaanza kuteleza hata mafuta yawe mapya namna gani. Na wauzaji wanawapoteza watu kwa herufi za pembeni mwa pedi, "hii ni FF, ingia nayo uwanjani". F ni msuguano kati ya 0.35 na 0.45, basi. Herufi ya pili inahusu kipimo cha moto, nacho kinaishia karibu nyuzi 343. Diski ya uwanjani inapita hapo mapema sana.

Koblenz
Sharti hilo Nordschleife, ile njia ndefu ya uwanja wa Nürburgring Ujerumani, halitekelezeki. Siku za madereva wa kawaida, ile njia ya kilomita 20.8 kisheria ni barabara ya umma ya kulipia, ya kwenda upande mmoja, na sheria za usalama barabarani za Ujerumani zinatumika kama kawaida. Pedi ya badala inatakiwa iwe na kibali cha R90, kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu pedi za badala, yaani utendaji wake usiachane na wa pedi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi nyingi za mbio hazina kibali hicho, kwa hiyo gari linapoteza uhalali wa kutembea barabarani, na ikitokea ajali bima ina pa kukubana.

Na sheria hiyo ina mantiki. Pedi ya mbio kali ikiwa baridi hushika kidogo pale unapohitaji sana, kwa mfano asubuhi kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Juu ya hayo inapiga kelele na kukwangua diski.

Seti Mbili
Ndiyo maana watu wanabeba seti mbili na kubadilisha uwanjani. Kwenye kalipa ya kuteleza (kalipa ndiyo kifaa kinachobeba pedi na pistoni) unafungua bolti ya chini, unainua kalipa, unarudisha pistoni kwa klempu huku ukiangalia kopo la mafuta lisifurike, unapachika pedi, unafunga kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kisha kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu kabla ya kusogeza gari. Anayesahau hapo, mkanyago wa kwanza hakuna breki.

Kazi inayorukwa ni kuzoesha pedi na diski: punguza mwendo mara 8 hadi 10 kutoka 100 hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki. Pedi za aina mbili zikipokezana diski moja, tabaka ambazo kila pedi inaacha juu ya diski zinachanganyika na usukani unatetemeka. Watu husema diski imepinda, wakati mara nyingi ni mabaka ya pedi. Afadhali kila seti iwe na diski zake. Ukitoka uwanjani na breki za moto usivute hendibreki wala kushikilia pedeli. Weka gia na kigingi kwenye tairi.

Msifunge pedi kali nyuma huku mbele zimebaki za kawaida. Magurudumu ya nyuma yatataka kufunga kwanza na gari litazunguka.

Fundi Diski
Seti mbili kwa mwenye gari jepesi na tairi za kawaida, anayeingia kwa vipindi vya dakika 15, ni gharama asiyoihitaji bado. Kabla ya kulazimisha, pimeni. Ipo rangi ya joto inayopakwa ukingoni mwa diski: ya kijani hubadilika kwenye nyuzi 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Gari likirudi na kijani haijabadilika, pedi nzuri ya mtaani yenye R90 na mafuta mapya vinamtosha. Chungwa ikibadilika, hapo hata mimi simruhusu arudi ndani na pedi hizo.

Mleta mada
Na mwenye gari la tani mbili au tairi laini za mbio, utamruhusu aingie kipindi cha kwanza ili rangi imwambie? Huyo sharti limkute getini.